Vumbi la Saa Nane

Mimi nilikuwa mtu wa foni. Asiyeijua foni nitamweleza mara moja tu, maana sipendi kurudia maneno: ni redio ya kuzungumzia, yenye kipaza sauti cha kushika mkononi na kitufe cha kubonyeza, na ndiyo iliyokuwa mdomo na masikio ya uwanja wa ndege wa Kalemie miaka ile ya Zaire. Simu za posta zilikuwa zimekufa kitambo. Mtu akitaka kujua kama ndege imetoka Kinshasa, kama imepita Manono, kama itashuka leo ama itashuka Mungu akipenda, alikuja kwangu. Nilikaa katika chumba kile miaka kumi na mmoja. Dirisha lilitazama ziwa, na ukutani palikuwa na ramani kubwa ya dunia ambayo Wabelgiji waliiacha kwa kuwa haikuingia kwenye sanduku.

Kwenye ramani ile nilikuwa na uzi wangu. Ulikuwa uzi mweupe wa kiwanda cha nguo, nimeupima kwa rula na kuutia alama za wino, kila alama mwendo wa ndege kubwa kwa saa moja. Nilipigilia msumari mdogo Kinshasa, nikafunga uzi hapo, na kutoka hapo niliupeleka nilikotaka. Kinshasa mpaka Brussels, kilometa elfu sita na mia mbili, ilikuwa alama nane kasoro kidogo. Kalemie mpaka Kinshasa ni elfu moja na mia tano na kitu, lakini ndege zetu za ndani zilikuwa za mapangaboi, zenye mwendo wa watu wazima, kwa hiyo ilikuwa saa tatu na nusu. Watu walikuja kuniuliza Roma ni mbali kiasi gani, Maka je, Amerika je, nami nilinyoosha uzi na kuwajibu. Sikuwahi kupanda ndege hata siku moja. Sikuona haja, kwa kuwa nilijua inachukua muda gani.

Mke wangu Mado alikuwa na kipimo chake. Kwao ni Pepa, kule juu kwenye ng'ombe, na nyumbani kwao mtu akiondoka kwa safari nyumba haifagiliwi mpaka afike aendako. Ukifagia mapema umemfutia njia, naye atabaki katikati, kwake hayupo na kwa watu hayupo. Baba yake alipokuwa anashusha ng'ombe kuja kuwauza ziwani, nyumba ilikaa siku tano bila ufagio, maana safari ilikuwa ya siku tano na hata watoto walijua. Kwa hiyo kwa Mado, Pepa mpaka Kalemie lilikuwa vumbi la siku tano. Moba lilikuwa vumbi la siku moja. Kigoma, ng'ambo ya ziwa, lilikuwa vumbi dogo ambalo mgeni akija unaweza kulifunika kwa mkeka. Nilimcheka kwa jambo hilo tangu tulipooana, naye alinicheka kwa uzi wangu, tukawa hatudaiani.

Halafu ikaja safari ya Bertille.

Bertille ni mtoto wetu wa pekee. Karatasi za serikali zilimwita Kabwe, kwa sababu enzi zile majina ya ubatizo yalikatazwa kwenye karatasi, lakini nyumbani na kanisani alikuwa Bertille. Alikuwa na miaka minane, na moyo wake ulikuwa na tundu. Alizaliwa nalo. Akipanda kilima cha kanisa alisimama mara nne kupumzika, na mara ya nne midomo yake ilikuwa imeiva rangi ya zambarau. Masista wa parokia walimwandikia mtu, yule mtu akamwandikia mwingine, na mwezi wa Juni mwaka 1984 ikaja barua kutoka Brussels: mleteni, tutaliziba. Nafasi zilikuwa mbili tu, ya mtoto na ya Sista Thérèse.

Daktari aliyempima alituita mimi na Mado, akafunga mlango. Alisema upasuaji haumtishi, wale watu wa Brussels kazi yao anaijua. Alichoogopa ni hewa ya juu. Hata ndani ya ndege hewa ile ni nyepesi kuliko ya kwetu, na moyo wenye tundu hauipendi. Kutoka kwetu mpaka Kinshasa ndege ingepita chini chini, hapo hakuwa na neno. Ila ile ndefu ilimnyima raha.

"Papa Isidore," aliniambia, "mutoto akimaliza ile safari, kazi kubwa imekwisha."

Hakutuambia asipoimaliza. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mado alikuwa anatazama viganja vyake, na mimi nilikuwa nagawanya kilometa elfu sita na mia mbili, nikitafuta namna ya kuipunguza ile nane iwe saba.

Aliondoka Jumanne. Nilimbeba mwenyewe mpaka kwenye ngazi ya ndege ndogo, yumo ndani ya sweta ambayo masista walimfumia, jasho linamtoka.

"Papa," akaniuliza sikioni, "utaniona kwenye uzi?"

"Kila alama," nikamwambia.

Jioni ile foni ikatuletea kwamba amefika Kinshasa mzima na amelala kwa masista wa huko. Mado alifurahi, lakini ufagio hakuugusa. Kinshasa ilikuwa njiani tu. Jumatano nyumba yetu ilianza kuonekana nyumba ya walevi. Mwezi wa Julai pale kwetu upepo huleta mchanga kutoka ufukweni na majivu kutoka mashamba yanayochomwa, na vyote viwili vilikuwa vimeingia na kukaa. Jikoni kulikuwa na magamba ya samaki, na karibu na mbabula, jiko letu la mkaa, palikuwa na majivu. Katika chumba cha Bertille kulikuwa na vipande vya karatasi za rangi alizokuwa akizikata kwa mkasi usiku wa mwisho, vimesambaa chini ya kitanda. Mado alipita juu ya yote hayo kwa vidole vya miguu.

Alhamisi asubuhi, siku ya ile ndege kubwa, nilikuwa nimeketi kitandani nafunga viatu. Mado akasimama mlangoni, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, ambacho "ndiyo" yake ni "njo".

"Papa Bertille, ile ndege ya Bulaya, njo saa ngapi?"

Nilikuwa sijapata usingizi. Nilikuwa na hofu, na mimi hofu huniingia kwa mlango wa hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Swali lile alikuwa ameniuliza jana yake na juzi yake, na mara zote nilimjibu kwa alama na kilometa na majina ya nchi, mpaka ulimi ukachoka.

"Saa nane," nikasema. "Ni saa nane, Mado. Nane! Sina ingine ya kukupa."

"Saa nane," akarudia taratibu. "Muzuri."

Nikachukua baiskeli yangu nikaenda kazini.

Saa tano ya kwetu Théophile akaniita. Théophile alikuwa mtu wa foni wa Kinshasa, mzaliwa wa Kabalo, na ndiyo maana pamoja na Kifaransa cha kazi tulizungumza Kiswahili. Kwa miaka kumi na mmoja nilimjua kwa sauti tu. Kama angepita mbele yangu sokoni nisingemsalimia.

"Isidore, imeondoka sasa hivi. Mutoto alipanda na miguu yake mwenyewe. Nilimuona kwa dirisha."

Nilimshukuru, nikaandika saa kwenye daftari la kazi, kisha nikageuza kiti kikatazama ukuta. Hapakuwa na ndege ya kuja wala ya kwenda Kalemie siku ile. Nilikuwa na siku nzima ya kutazama uzi.

Kuna jambo la saa ambalo lilinifurahisha kupita kiasi, na sijapata mtu wa kulifurahia pamoja nami. Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja. Lakini Wazungu wakati wa kiangazi chao husogeza saa zao mbele, na miezi hiyo saa ya Brussels na saa ya Kalemie huwa ile ile. Kwetu ikiwa saa sita, kwao ni saa sita. Nilijiambia mtoto wangu ametoka kwenye saa ya kwetu, anapita kwenye saa za watu, na ataishukia tena saa ya kwetu upande wa pili. Sijui kwa nini lilinituliza. Lilinituliza.

Saa sita alikuwa juu ya misitu, nami niliona kijani tu, kijani kisicho na mlango. Saa saba na kitu akapita karibu na Ziwa Chad. Hapo nilimwona vizuri kabisa. Alikuwa amebandika pua kwenye kioo, anamwambia Sista Thérèse kwamba ziwa letu ni kubwa kuliko hili na samaki wake ni watamu zaidi. Bertille ni mtoto wa Kalemie, hawezi kusifia ziwa la mtu.

Saa nane uzi uliingia kwenye rangi ya njano. Mwanga wa ziwa ulikuwa unacheza kwenye dari, ule mwanga wa mchana wa kiangazi unaotikisika hata kama hakuna upepo, na mashine ya foni ilikuwa inavuma peke yake kwa sauti ya chini. Macho yakanizidi nguvu. Nikajiona natembea juu ya uzi, miguu mitupu, chini yangu mchanga hauna mwisho, na mbele yangu sweta ya Bertille inakwenda bila kugeuka. Sikumwita. Niliona nikimwita atasimama, na akisimama atachoka. Basi nikawa namfuata tu, na kila nilipokanyaga uzi ulikuwa na joto. Nilipozinduka nilikuta nimesimama ukutani, kiganja kimebandikwa juu ya jangwa, naona aibu ingawa hapakuwa na mtu.

Foni ilikuwa na vipindi vyake, na kipindi cha mchana kilikwisha saa tisa. Nikafunga mlango, nikafuata barabara ya ziwani. Wanawake walikuwa wanageuza dagaa juu ya mchanga, na ng'ambo ya maji, upande wa Tanzania, hakukuonekana kitu, weupe mtupu. Niliendesha polepole. Nyumbani sikuwa na hamu nako, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na ramani.

Kabla sijafika mlangoni niliona mistari. Ilikuwa mistari ya ufagio, imenyooka uani kutoka kizingitini mpaka njiani, na juu yake maji yamenyunyizwa. Ardhi ilinukia vizuri. Ndani sakafu ilikuwa inang'aa, viti vimepangwa, meza imetandikwa kile kitambaa cha Krismasi. Mado alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili, anageuza mgebuka, samaki wa ziwa letu, kwenye mafuta na kuimba wimbo wa kanisani.

"Umekawia, Papa Bertille! Mutoto amefika, kuja tule."

"Nani amekuambia amefika?"

"Njo weye! Saa nane. Nilienda kwa jirani, kwa Domitille, kusikiliza redio yake, ikasema saa nane, nikaongeza dakika kumi ya kushuka kwa ngazi, maana anashukaka polepole. Njo nikafagia."

Nikakaa. Kiti kilikuwa safi na bado kina unyevu wa kitambaa.

Kiswahili ni lugha yangu nami naipenda, lakini siku ile ilinitega. Kwetu urefu wa safari ni saa nane, na ule wakati wa mchana watu wakishakula nao ni saa nane. Neno ni hilo hilo. Mtu mwenye subira angeongeza, "itaondoka saa tano, itafika saa moja jioni." Mtu mwenye subira angesema "masaa ya safari," au angeacha viatu akamtazama mke wake machoni. Mimi nilimtupia namba moja. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, ila wangu ulikuwa umekwenda kumponza mtoto.

Nikatazama saa ya mkononi: saa kumi kasoro robo. Uzi ulikuwa bado jangwani.

Niwaambie ukweli wangu. Sikuamini mambo ya ufagio, na leo pia sijui kama nayaamini. Nilijiambia kwamba vumbi ni vumbi, ndege ni mashine na mafuta, na hakuna mwanamke wa Kalemie anayeweza kuifutia njia kwa kufagia sebule. Nilijiambia hivyo mara mbili, na mara zote mbili haikusaidia. Nilikuwa namwona Bertille juu ya mchanga ule, midomo inageuka rangi, anatafuta njia ya mbele na haipo.

"Una nini?" Mado akaniuliza. "Hujafurahi?"

"Nimefurahi. Ni jua."

"Basi ngoja. Naenda kwa Domitille kumuambia, tangu asubuhi ananiuliza."

Alipotoka tu nilikimbia nyuma ya jiko, kwenye shimo la takataka. Kila siku Mado huchoma taka zake papo hapo, lakini siku ile furaha ilikuwa imemsahaulisha, na lundo lilikuwa pale, limelala vizuri. Nikachukua beseni la kufulia. Nilichota kwa mikono miwili, mchanga, magamba, majivu, maganda ya karanga, nikakimbiza ndani, nikamwaga. Nikarudi. Nikachota tena. Safari ya tatu nilipiga magoti sebuleni na kuanza kutawanya, nami sikujua namna, kwa kuwa hakuna aliyewahi kunifundisha kuchafua nyumba. Huku lilikuwa nene, kule hakuna kitu. Nilikuwa napuliza kwa mdomo liende kwenye pembe.

Mlango ukatia giza.

"Papa Bertille," sauti ya Mado ikasema. "Njo nini hii?"

Nilibaki palepale, mikono chini.

"Haijafika," nikasema. "Nilisema saa nane za kutembea, Mado. Ilitoka saa tano. Itafika saa moja ya jioni. Sasa iko juu ya mchanga, hata bahari haijaiona. Nilikujibu vibaya. Nilikuwa na uoga, nikakujibu vibaya."

Alishika mwimo wa mlango. Nilingoja alie, au anipige, na ningefurahi kupigwa. Alitazama beseni, akatazama sakafu kutoka pembe hii mpaka pembe ile, kwa muda mrefu. Kisha akavua kandambili zake.

"Hii haiko ya hapa," akasema. "Magamba njo ya jikoni. Hapa kulikuwa mchanga wa viatu vyako. Na ya chumba cha mutoto umeitia wapi?"

"Sijui. Lote ni vumbi tu."

"Lote ni vumbi tu!" Aliniangalia kama mtu aliyeolewa na mjinga. "Ya kwake njo nyepesi, iko na pamba ya mto na zile karatasi. Nilianzia kwake, kwa hiyo iko chini kabisa. Inuka. Leta beseni."

Tukaenda pamoja shimoni. Mado aliinama, kitenge cha Jumapili kikiburuzika, akawa anatenga lundo kwa vidole kama anayechambua mchele: hili la jikoni, hili la mlangoni, hili letu. Alipofika chini akakuta karatasi, ya bluu, ya njano, nyekundu, zimekatwa vipande vya pembetatu, akazikusanya kwenye kiganja na hakuniachia hata moja nizibebe. Tulipiga magoti kando ya kitanda cha Bertille. Niliweka moja. Akaiondoa, akaisogeza karibu na ukuta.

"Hapa. Njo hapa ilikuwa."

Alikumbuka zote. Siku mbili alikuwa amepita juu yake kwa vidole vya miguu, na alikumbuka kila kipande kilipokuwa. Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya ndoa yetu, na nikamwambia, na akaniambia ninyamaze niendelee na pamba.

Tulipomaliza, nyumba ilikuwa chafu sawasawa. Tukakaa chini, migongo ukutani, miguu imenyooshwa vumbini. Mgebuka alikuwa ameungua na hakuna aliyemkumbuka.

"Sasa iko wapi?" Mado akauliza.

"Imefika baharini."

Jua likashuka upande wa vilima. Domitille alipita njiani, akachungulia, akaona mtu na mke wake wamekaa kwenye takataka, mke na nguo za Jumapili, akaenda zake bila salamu.

"Sasa?"

"Juu ya milima. Ile yenye theluji."

"Ana sweta," Mado akasema.

"Anayo."

Giza liliingia kwetu. Nilimweleza kwamba kule saa hizi jua bado liko juu, jeupe kabisa, ingawa saa ni ile ile yetu. Akafumba macho ili alione. Nami nikafumba, na kwa kitambo nyumba ikawa na mwanga wa huko, na tukawa tunashuka polepole ndani yake. Nilipofumbua macho mkono wa saa ulikuwa umepita saa moja. Hatukuinuka. Mimi sikusema amefika, na Mado hakuutazama ufagio.

"Tutangoja neno," akasema.

Ijumaa asubuhi nilimpandisha nyuma ya baiskeli, tukaenda pamoja. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuingia katika chumba cha foni. Saa tatu Théophile akaita.

"Ndege ilitua jana saa moja kasoro dakika tano, saa ya kwenu."

"Na mutoto?" nikauliza.

"Hiyo sijajua bado. Watu wa telex nimewauliza. Ngoja kipindi cha saa tano."

"Mi sikuuliza ndege," Mado akasema, lakini mimi nilikuwa nimeachia kitufe, hakusikika.

Saa mbili za kungoja zilikuwa ndefu kuliko nane za jana. Mado alikuja mbele ya ramani, akautazama uzi kutoka msumari mpaka mwisho.

"Njo hii yote?"

"Njo yote."

Akanyoosha mkono wake wa kulia, akaweka kidole gumba Kinshasa na kidole cha mwisho Brussels, mkono ukatosha. Akauacha hapo, kiganja kimefunika misitu na mchanga na bahari. Sikumwambia kwamba mimi pia jana nilikuwa nimeshika hapo hapo.

Saa tano kamili mashine ikakohoa.

"Kalemie, Kalemie, Kinshasa. Isidore, chukua kalamu." Nilichukua. "Kutoka Brussels. Mutoto Kabwe amefika muzima. Njia yote alilala. Sasa iko hospitali, amekula, anauliza samaki. Nakwisha. Jibu."

Alilala njia yote. Hakuliona Ziwa Chad wala mchanga, na pua haikugusa kioo chochote. Niliandika maneno yote mpaka lile la samaki, kisha kalamu ikadondoka.

Kwenye foni kuna sheria moja kubwa kuliko zote: ukipewa ujumbe lazima utaje kituo chako na useme "nimepokea," la sivyo ujumbe haujafika. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kuikosa. Nikabonyeza kitufe. Nikafungua mdomo. Halikutoka neno, ilitoka ile sauti ambayo mwanamume huificha hata kwenye msiba wa mama yake, na masafa yetu yalikuwa ya vituo vyote, kwa hiyo ilikwenda Manono, ikaenda Moba, ikaenda Kongolo, kila mahali palipokuwa na mtu amekaa mbele ya mashine. Niliachia kitufe. Nikabonyeza tena. Ikatoka ile ile.

Ukabaki ule mvumo wa chini tu.

Halafu sauti ya mzee mmoja, kavu, ikasema, "Manono. Nimepokea."

"Moba. Nimepokea."

"Kongolo hapa. Nimepokea, ndugu."

"Kabalo. Nimepokea."

Waliendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, wengine kutoka vituo ambavyo sikuwa nimevisikia tangu masika. Mado alikuwa amesogea karibu, anaitazama mashine.

"Hawa njo nani?"

"Watu wa foni."

"Wanamujua Bertille?"

"Hapana."

Alisikiliza mpaka wa mwisho alipomaliza. Kisha akanitoa kipaza sauti mkononi na kutafuta kitufe. Nilikichukua kidole chake nikakiweka mahali pake.

"Mi njo mama yake," akasema. "Nimepokea."